Mpatanishi Analala Wapi?
Jinsi ya kutengeneza upya chumba cha pikapu ya zamani kwa fedha kidogo



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mikutano, mashauri na mapatano. Safari hii tunaandika habari za kutu, misumari na mbao. Tunaomba mtuvumilie. Mwishoni mtaona kwamba ni habari ileile ya amani.

Kilichotufanya tuanze

Jimbo letu la Lualaba lilizaliwa mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa. Lakini habari ya watu kuhamishwa ni ya zamani kuliko jimbo. Wazee wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa Likasi na Kolwezi, zikangoja gari moshi kwenye vituo kwa siku na majuma, vyombo vyao vikiwa chini. Mwaka 2016 na 2017 vita vya Kamwina Nsapu viliwakimbiza watu zaidi ya milioni moja huko Kasai, na baadhi yao walifika huku kusini. Tena wako wengine ambao hawakukimbia bunduki. Wao walihamishwa kwa sababu mgodi ulihitaji ardhi waliyokuwa wakikaa. Mwezi wa Septemba 2023, shirika la Amnesty International pamoja na shirika la Kolwezi liitwalo IBGDH walitoa ripoti juu ya watu waliofukuzwa kwa nguvu katika nyumba na mashamba kuzunguka mji wetu.

Hawa wote wanakutana vijijini, na wote wanahitaji maji, shule na shamba. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini jembe linataka shamba, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Kazi yetu ni kuzisaidia kamati za wenyeji na wahamishwa kuzungumza juu ya mashamba hayo. Vijiji vingine viko mbali, upande wa Mutshatsha au upande wa Lubudi. Wakati wa mvua barabara inakuwa matope, na huwezi kwenda na kurudi kwa siku moja. Basi tulikuwa tunalala tunapopewa mahali.

Katika kijiji kimoja tulipokelewa vizuri na jamaa ya chefu. Tulipewa ugali, samaki na kitanda. Asubuhi tulifungua mkutano, na wanawake waliohamishwa wakakaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho. Tulifikiri wanaona haya. Jioni mama mmoja akatuambia polepole: "Wanangu, mmekula kwao na mmelala kwao. Sisi tuseme nini tena?"

Safari iliyofuata tukalala upande wa wahamishwa. Siku hiyo walionyamaza walikuwa wenyeji.

Hapo tukaelewa jambo ambalo hatukufundishwa chuoni: watu wanamtazama mpatanishi hata akiwa amelala. Tulihitaji mahali pa kulala pasipokuwa pa upande wowote, na fedha za kujenga nyumba katika kila kijiji hatukuwa nazo. Tulikuwa na pikapu moja ya zamani tu.

Sanduku katika ua wa fundi

Tulipata sanduku la bati na mbao lililotengenezwa ili liwekwe nyuma ya pikapu. Lilikuwa na mlango, madirisha mawili na vitanda viwili vya mbao. Muuzaji alisema zamani lilitumiwa na watu waliokuwa wakipima udongo wa migodi. Lilikaa miaka katika mvua. Kuku walikuwa wakitaga ndani.

Bei yake ilikuwa ndogo, na bei ndogo inaweza kumpumbaza mtu. Kabla ya kununua kitu cha namna hii, angalieni mambo manne.

Kwanza, mifupa. Chukueni bisibisi na kugonga vyuma vya pembeni na vya chini. Kama bisibisi inaingia, kutu imekula ndani, na chuma hicho kibadilishwe. Kutu ya juu tu inaondoka kwa brashi ya waya. Mbao pia zijaribiwe hivyo hivyo: mbao iliyooza inabonyea kama muhogo uliolowekwa.

Pili, gari lenyewe. Angalieni breki, springi za nyuma, matairi na fremu. Sanduku zuri juu ya gari bovu ni hatari. Fremu ikiwa na ufa, achaneni na mpango huo.

Tatu, hati. Namba iliyochongwa kwenye fremu iwe sawa na ile iliyoandikwa kwenye karte roze. Ulizeni pia habari za bima, vinyeti na cheti cha ukaguzi. Mhamishwa ambaye hati zake zilipotea njiani ana shida ya kutosha kwenye vizuizi. Msimwongezee gari lenye shaka.

Nne, asili ya vifaa. Katika mji wetu chuma, nyaya na mapipa yaliyotumika yanapatikana kwa bei ya chini sana. Ulizeni yametoka wapi. Waya wa shaba ulioibwa kwenye laini ya umeme au mgodini unaweza kumpeleka kijana gerezani, na kabila lake lote likaitwa wezi. Nunueni kwa mtu anayejulikana, mbele ya mashahidi wawili, na mpewe karatasi.

Hesabu ya uzito na nafasi

Watu wengi wanaharibu gari kwa sababu wanahesabu fedha na kusahau kilo. Someni kwenye hati uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba. Pikapu nyingi za aina hii zinabeba karibu kilo 1,000, pamoja na watu walio mbele. Hesabu yetu ilikuwa hivi:

- sanduku lenyewe: kilo 350
- watu watatu: kilo 210
- maji lita 100: kilo 100
- vifaa vya fundi na gurudumu la akiba: kilo 60
- chakula, sufuria na vitabu: kilo 50
- magodoro na blanketi: kilo 40
- betri na paneli ya jua: kilo 40

Jumla ni kilo 850. Kilo 150 zilizobaki tuliziacha wazi kwa makusudi, maana barabara yenye mashimo inaongeza mzigo. Kila kijiji kitaomba mpakie gunia moja tu la mahindi, au la makala. Mkikubali la upande mmoja, mtalazimika kukubali na la upande wa pili. Sisi tuliandika mlangoni: "Gari hili halibebi mizigo." Tuliandika kwa Kiswahili na kwa Kifaransa.

Vitu vizito viwekwe chini na karibu na katikati. Maji yakiwekwa juu, gari linayumba kwenye kona.

Halafu nafasi. Sakafu yetu ina urefu wa mita 2.3 na upana wa mita 1.5, yaani mita za mraba karibu 3.5. Kanuni za Sphere, ambazo mashirika ya misaada yanazifuata, zinasema mtu mmoja apate angalau mita za mraba 3.5 za mahali pa kuishi palipoezekwa. Kwa hiyo chumba chetu chote kinatosha kuwa makao ya mtu mmoja tu. Watu wawili wanaweza kulala humo usiku mbili au tatu za safari. Familia haiwezi kukaa humo. Tutalirudia jambo hili mbele.

Fedha mbele ya macho ya wote

Tuliamua kazi ifanywe na watu wa pande mbili. Tuliunda kamati ya watu sita: watatu wenyeji, watatu wahamishwa, na kati yao wanawake wawili. Mmoja wa wahamishwa alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mwenyeji mmoja alikuwa seremala.

Fedha tulizigawa kabla ya kununua hata msumari mmoja. Kwa kila dola 100:

- dola 40 za fremu, breki, springi na matairi
- dola 25 za paa, kuta na sakafu
- dola 10 za vitanda, magodoro na vyandarua
- dola 10 za umeme
- dola 15 za akiba

Wengine watauliza kwa nini fungu kubwa linakwenda mahali pasipoonekana. Rangi nzuri inaonekana na breki haionekani. Lakini breki ndiyo inayowarudisha watu nyumbani. Na akiba ya dola 15 msiiguse mapema. Gari la zamani lina siri, na siri hizo linazitoa moja moja.

Tulikosea katika jambo moja. Wiki ya pili skrubu na fimbo za kuchomelea zilinunuliwa bila karatasi. Siku ya tatu maneno yalikuwa yameenea kwamba fundi mhamishwa "amekula". Alitaka kuacha kazi. Wenzake wawili wakasema wataondoka naye. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa letu, maana sisi ndio tuliotoa fedha bila kudai karatasi.

Tukaomba msamaha mbele ya kamati. Tukachukua ubao mweusi na kuutundika katika ua wa kazi. Kila jioni tuliandika kilichonunuliwa, bei yake kwa franka au kwa dola, jina la aliyenunua na kilichobaki. Asiyejua kusoma alisomewa kwa sauti. Tangu siku hiyo maneno yale yalipungua. Ubao haukututoza kitu, ila chaki.

Hatua za kazi

Fanyeni kazi hii wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa tano hadi wa tisa. Mvua ikianza, rangi haikauki na mbao zinavimba.

1. Kutoa vyote. Ondoeni vitanda, sakafu na kuta za ndani mpaka mwone mifupa. Wekeni skrubu nzuri katika kopo, zitatumika tena.

2. Kuondoa kutu na rangi ya zamani. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto. Lowesheni msasa kwa maji ili vumbi lisiruke, mfunge pua na mdomo, na mwafukuze watoto. Vumbi lizolewe na kutupwa mbali na kisima.

3. Kuchomelea. Toeni sanduku juu ya gari, au angalau mfungue waya za betri. Fanyeni kazi nje, penye hewa, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Mabati yenye zinki yakichomwa hutoa moshi unaoleta homa. Msichomelee kamwe pipa au tangi lililowahi kubeba petroli, hata likionekana tupu. Mvuke uliobaki unalipuka.

4. Rangi ya kuzuia kutu. Chuma kikisha kusuguliwa kipakwe siku ileile. Usiku mmoja wa umande unatosha kurudisha kutu.

5. Paa. Zibeni kila tundu na kila maungio kwa gundi ya mpira. Kisha fanyeni jaribio la maji: mtu mmoja anakaa ndani na chaki, mwingine anamwaga bidoni mbili za lita 20 juu ya paa, polepole. Kila tone linaloingia linawekewa alama. Sisi tuliweka alama kumi na moja mara ya kwanza, nne mara ya pili, na mara ya tatu hakuna.

6. Sakafu na kuta. Tripleksi mpya ni ghali, kwa hiyo tulitumia mbao za masanduku ya kupakilia mizigo, tukazipiga randa na kuzipaka mafuta ya kuzuia wadudu. Mbao zilizonuka dawa za mgodi tulizikataa.

7. Kufunga sanduku kwenye gari. Bolti zishike fremu, wala si bati la sakafu peke yake. Baada ya kilomita 50 za kwanza simameni mkaze nati zote, na kila safari mzikague tena.

8. Jaribio la njia. Pakieni mzigo wote, mwende kilomita kumi polepole, mjaribu breki mahali pasipo watu. Kwenye barabara ya Likasi na Kolwezi malori ya madini hayana huruma kwa mtu asiyejua gari lake linasimama baada ya mita ngapi.

Umeme kidogo unatosha

Tuliweka taa mbili ndogo za wati 5 na mahali pa kuchajia telefone. Taa mbili zikiwaka saa nne zinakula wati-saa 40. Telefone sita zinakula karibu 60. Jumla ni 100 kwa siku. Paneli ya wati 50, ikipata jua zuri saa nne, inatoa karibu 200, na hata baadhi ikipotea njiani inatosha. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya kawaida ya risasi isishushwe chini ya nusu, la sivyo itakufa mapema.

Betri ikae katika kisanduku chake, nje ya chumba cha kulala, maana ikichajiwa inatoa hewa inayoweza kuwaka. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri.

Mahali pa kuchajia telefone palituletea faida ambayo hatukuitegemea. Vijana wa pande zote mbili walikuja, wakakaa kwenye benchi moja, wakingoja. Mtu anayengoja telefone anaanza kuzungumza na aliye karibu naye.

Moto, hewa na maji: hapa msitafute bei nafuu

Usiku wa mwezi wa sita na wa saba huku kwetu ni baridi. Mtu atataka kuingiza mbabula ndani ili apate joto. Msikubali, hata kwa dakika chache, hata kama makala yameshashika vizuri na hayatoi moshi. Makala yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Katika chumba kidogo kilichofungwa, mtu anasinzia na haamki tena. Vaeni makoti, ongezeni blanketi, na mpike nje.

Acheni matundu mawili yasiyofungwa kamwe, moja chini na moja juu, kila moja ukubwa wa kiganja, yenye wavu wa mbu. Madirisha nayo yawe na wavu, na kila kitanda kiwe na chandarua. Malaria haiulizi kama wewe ni mwenyeji au mgeni.

Petroli isiwekwe ndani ya chumba.

Juu ya maji tunataka kusema kwa mkazo. Katika Kolwezi kuna bidoni na mapipa mazuri, yenye nguvu, yanayouzwa kwa bei ndogo, ambayo yalibeba asidi au dawa za kusafishia madini. Kuyaosha kwa sabuni, majivu au maji ya moto hakuyafanyi yafae. Maji ya kunywa yawekwe katika bidoni mpya, au ile iliyobeba mafuta ya kula.

Funguo, rangi na mahali pa kusimama

Gari likiwa limeegeshwa bila safari, mlango wa sanduku unafungwa kwa kadena mbili. Ufunguo mmoja uko kwa wenyeji, wa pili uko kwa wahamishwa. Hakuna anayefungua peke yake. Lakini watu wakilala ndani, kadena zote mbili zinaondolewa, na mlango unafungwa kwa komeo la ndani tu, linalofunguka bila ufunguo. Moto hausubiri mwenye ufunguo.

Rangi ilitupa mjadala wa saa mbili. Tuliikataa ya kijani kibichi ya kijeshi. Tulizikataa rangi za vyama vya siasa. Mtu mmoja akapendekeza tuchore msalaba mwekundu ili tupite vizuri kwenye vizuizi. Hilo haliruhusiwi: alama hiyo inalindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, na kuitumia ovyo kunawahatarisha wale wanaowabeba majeruhi. Mwishowe tulichagua rangi ya udongo, ambayo ilikuwa rahisi na haina chama.

Tukifika kijijini tunaegesha penye shule, kanisa au kituo cha afya, kwa ruhusa ya mkuu wa mahali. Hatuegeshi katika ua wa mtu. Hatuegeshi chini ya nyaya za umeme wala ndani ya eneo la mgodi. Tunawaarifu chefu na viongozi wa wahamishwa siku ileile, kwa maneno yaleyale. Chakula tunakipika wenyewe. Tukikaribishwa, tunaonja kidogo pande zote mbili, maana kukataa chakula nako ni neno. Hatusafiri usiku.

Wanawake wa timu ndio wanaolala chumbani. Dereva analala kwenye kiti cha mbele. Na wote wanaambiwa waziwazi: hakuna mtu anayeweza kuomba fedha, zawadi au mwili wa mtu kwa ajili ya kumsaidia kupata neno katika mkutano. Anayeombwa hivyo alete habari kwetu au kwa mtu mwingine anayemwamini.

Chumba si nyumba

Hapa tunasema na viongozi. Baada ya kuona kazi yetu, kiongozi mmoja alituuliza kama masanduku ya namna hii yanaweza kupewa familia zilizohamishwa, ili jambo la viwanja liishe. Tulijibu hapana.

Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi, za mwaka 1998, zinataja mambo matatu yanayotuhusu. Kanuni ya 18 inasema wahamishwa wana haki ya maisha yanayofaa, pamoja na makao ya msingi. Kanuni ya 20 inasema wapewe hati zao upya zilizopotea. Kanuni ya 21 inasema mali yao, hata ile waliyoiacha nyuma, ilindwe. Nchi za Afrika nazo zilifanya Mkataba wa Kampala mwaka 2009, ulioanza kutumika mwaka 2012, na mkataba huo unahesabu pia watu wanaohamishwa na miradi ya maendeleo.

Chumba cha mita za mraba 3.5 juu ya magurudumu hakijibu hata moja ya hayo. Anayewekwa juu ya magurudumu anaambiwa kimyakimya kwamba anaweza kusukumwa tena. Wale waliolala kwenye vituo vya gari moshi mwaka 1993 wanalijua jambo hilo vizuri kuliko sisi. Chombo hiki ni cha kazi: cha mpatanishi, cha muuguzi anayezunguka kuchanja watoto, cha mama anayepeleka bidhaa soko la mbali na kurudi. Ni cha mtu mwenye mahali pa kurudi.

Tulichokiona

Tulirudi katika kijiji kile ambacho wanawake walikaa kimya. Tuliegesha penye shule. Usiku tulisikia watu wakipita na kuangalia, wa upande huu na wa upande ule. Asubuhi mama yule alikuja mapema, akagonga bati kwa mkono, akaangalia ndani, akacheka kwamba kitanda ni kifupi. Katika mkutano alizungumza wa tatu. Alisema shamba walilopewa ni la mawe, na kwamba yeye alilima misimu miwili bila kusema kwa sababu aliogopa kufukuzwa mara ya pili. Mzee mwenyeji akajibu kwamba shamba hilo lilikuwa la marehemu kaka yake, na kwamba wao wenyewe walihamishwa kutoka ardhi yao nzuri. Ilikuwa mara ya kwanza wengi kusikia kwamba pande zote mbili zilipoteza ardhi.

Mashamba hayajagawanywa yote. Bado kuna hasira. Lakini ile saa ya ukimya haikurudi.

Sanduku nalo bado linavuja kidogo pembeni mwa dirisha la kushoto. Seremala mwenyeji na fundi mhamishwa wanabishana mpaka leo: mmoja anasema kosa ni la mbao, mwingine anasema ni la chuma. Wanabishana huku wakishikiana ngazi.

Maswali ya kuzungumzia katika kundi

- Katika kijiji chetu, wageni wanaokuja kusuluhisha wanalala kwa nani, na wanakula kwa nani? Watu wanasema nini juu ya hilo?
- Ni chombo gani cha zamani tulicho nacho, kisima, kinu, daraja au gari, ambacho wenyeji na wahamishwa wanaweza kukitengeneza pamoja?
- Ni nani atakayeandika hesabu kwenye ubao, na ni nani atakayezisoma kwa sauti?
- Bidoni tunazotekea maji zilibeba nini kabla ya kufika kwetu?
- Kama kiongozi anatupa makao ya muda, tunamwuliza nini ili yasigeuke kuwa ya kudumu?